Leaf au Aqua? Hesabu ya betri kuukuu na mlima ulio kati ya Kisumu na Nakuru

Shemeji yangu ni mhudumu wa afya pale Ahero na anaishi Mamboleo, Kisumu. Amechoka kusukumana na matatu alfajiri, sacco imemkubalia mkopo, na kwa desturi ya ukoo wetu mtu akishapata mkopo kila jamaa anageuka mshauri. Mimi nilifikiwa na ujumbe huu: "Shem, nimebakisha magari mawili. Leaf ama Aqua. Wewe umekaa na haibridi na sasa unakaa na ya stima. Niambie betri gani haitaniaibisha njiani."

Nilimjibu kwamba zote mbili zitamwaibisha, kila moja kwa namna yake. Akacheka, lakini sikuwa natania. Leaf ni gari la Nissan la stima tupu; Aqua ni haibridi ya Toyota, yaani injini ya petroli inayosaidiwa na mota na betri ndogo.

Nimeendesha haibridi miaka minne, na tangu 2023 naendesha Leaf ya 2018 kutoka Lanet ninakoishi hadi Njoro ninakofanya kazi, kilomita 30 hivi kwenda na 30 kurudi. Mimi si fundi wala sina yadi. Haya ni yale niliyomweleza, pamoja na hesabu nilizozifanya usiku kwa sababu shem ni mtu wa kipimo cha dawa na hakubali maneno matupu.

Yuniti 40, yuniti moja

Kila mwenye mita ya tokeni anaijua yuniti, yaani kilowati-saa moja ya stima. Betri ya gari nayo hupimwa kwa yuniti hizohizo. Leaf iliyoanza kuuzwa Japani Oktoba 2017 hubeba yuniti 40. Aqua ya kwanza, ile iliyotoka Desemba 2011 na ambayo utaikuta kila kona kuanzia Kondele hadi Section 58, hubeba yuniti 0.9. Ndiyo, haifiki hata moja. Haibridi nyingine haziko mbali: Prius ya kizazi cha tatu ina 1.3, na Note e-Power ina 1.5.

Kwa hiyo tunalinganisha vitu viwili vyenye jina moja tu. Betri ya Leaf ni tangi. Betri ya Aqua ni chenji mkononi mwa makanga: inapokea kidogo ukipiga breki, inatoa kidogo ukiondoka kwenye raundabauti, lakini mtaji wenyewe uko kwenye petroli. Ndiyo maana hazizeeki sawa.

Betri ya Leaf ni ya lithiamu. Kila inapochajiwa, na hata inapokaa tu, chembe za lithiamu hunaswa kidogokidogo kwenye utando unaojijenga ndani, na zikishanaswa hazirudi kazini. Fikiria mtungi ambao kila mwaka mchanga kidogo unatuama chini. Kwa nje ni mtungi uleule, dashibodi inakuambia umejaa, lakini maji yaliyomo yamepungua. Huoni siku ya kuharibika. Unaona tu kwamba mwaka juzi ulifika nyumbani na asilimia 60, na leo unafika na 52.

Betri ya Aqua ni ya nikeli, na kompyuta ya gari huilinda kama yai. Haiachi ijae kabisa wala iishe kabisa. Inaichezesha katikati, takriban kati ya asilimia 40 na 80. Kwa ulinzi huo, nyingi hupita miaka kumi bila shida. Tatizo ni jinsi ilivyoungwa: vipande 20 vimefuatana mstari mmoja, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka mtoni. Mmoja akilegea, ndoo haifiki, hata kama wale 19 wana nguvu za ng'ombe. Hapo gari halikuonyi mwaka mzima. Linawasha taa nyekundu siku moja.

Mimi iliniwakia Salgaa, nikipandisha, na familia ndani. Sitalitaja gari lile wala gereji. Lilipungua nguvu hadi matrela yakatupita, tukatambaa mpaka penye nafasi ya kuegesha. Fundi akabadilisha kipande kimoja, akalipwa, tukapeana mikono. Miezi mitatu baadaye kipande kingine kikafa. Nikarudi. Mara ya tatu nikaelewa kwamba vipande vyote ni vya umri mmoja, na kutia kimoja kipya katikati ya vikongwe ni kama kushona kiraka cha jinzi kwenye kitenge kilichooza. Nikanunua betri nzima, shilingi 120,000, na gari likakimbia kama zamani.

Aibu ya haibridi basi ni ya ghafla, lakini ina bei unayoweza kuibeba. Ya gari la stima ni ya polepole, na bei yake ukiifikisha mwisho inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe, maana unanunua tangi zima la yuniti 40.

Kushuka Kisumu inafika. Kupanda Nakuru?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu shem ana jambo moja ambalo halijadiliwi: Krismasi na Pasaka ni Nakuru, kwa mama mkwe wangu.

Kwanza tupange namba za karatasi. Leaf hii moja ina masafa matatu rasmi. Kipimo cha zamani cha Kijapani kinasema kilomita 400. Kipimo kipya zaidi, WLTC, kinasema 322. Wamarekani wanasema 243. Ni gari lilelile na betri ileile. Muuzaji wa yadi atakusomea ile ya 400, na hatakuwa amedanganya. Wewe shika ile ya Wamarekani, kisha uanze kupunguza.

Leaf yangu ina afya ya betri ya asilimia 86. Ilipokuwa mpya, katika zile 40 ungeweza kutumia 37 hivi. Sasa nina kama 32. Nikienda kwa 80 bila papara, kila yuniti inanipa kilomita 6.5. Kwenye tambarare hiyo ni kilomita 208.

Kisumu hadi Nakuru kwa njia ya Kericho ni kilomita 185 hivi. Ukiishia hapo utasema tunafika na chenji. Lakini barabara ile si tambarare. Kisumu iko mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Unapita Ahero na mashamba ya mpunga, unafika Awasi, halafu nchi inaanza kuinuka. Kapsoit, Kericho kwenye majani chai, Londiani, hadi Mau Summit ambako ni kama mita 2,500. Kisha unateremka Sachangwan na Salgaa hadi Nakuru, mita 1,850.

Kuinua gari la kilo 1,700 pamoja na watu na mizigo kwa mita 1,370 kunahitaji yuniti 6.3, na ukihesabu zinazopotea njiani ni karibu 7. Hizo ni juu ya zile za kusukuma gari mbele. Mteremko wa kuingia Nakuru unakurudishia kama 2, kwa sababu mota hugeuka jenereta. Umepoteza 5, yaani kilomita 32. Toa kwenye 208: inabaki 176. Safari ni 185. Umekwama Ngata, unaziona taa za Nakuru.

Sasa geuza safari. Ukitoka Nakuru unapanda mita 650 tu, zinazokula yuniti 3 na kidogo, halafu unateremka mita 1,370 ambazo zinakurudishia kama 4. Mlima umekulipa. Una kilomita 213 za kutumia kwa safari ya 185, na unaingia Kondele ukiwa na kama kilomita 28 za akiba.

Gari lilelile, barabara ileile: likitoka Nakuru linafika Kisumu, likitoka Kisumu halifiki Nakuru. Lilipokuwa jipya lingefanya zote mbili. Yuniti 37 ni kilomita 240, toa 32 za mlima, unafika Nakuru na kilomita 23 mkononi. Asilimia 14 zilizopotea zinaonekana kidogo ukizisoma kwenye simu. Barabarani zimeondoka na safari nzima ya kupanda Nakuru.

Hizo ni hesabu za mtu mtulivu. Kimbiza gari kwa 110 na kila kitu kinaharibika, kwa sababu upepo unakula zaidi ya mlima. Ukifuata trela polepole kutoka Londiani unaweza kufika mahali ambapo hesabu ilisema hufiki. Mimi huwa siamini akiba yoyote chini ya kilomita 30, na ile namba kubwa ya kilomita kwenye dashibodi siiamini kabisa, kwa sababu inakadiria kwa jinsi ulivyoendesha jana. Ukiwa jana ulizunguka mjini Kisumu, haijui kwamba leo kuna Kericho.

Kwa Aqua, mlima huu ni hadithi nyingine. Ile sehemu ya betri inayoruhusiwa kutumika ni kama theluthi moja ya yuniti na kidogo. Gari la kilo 1,350 lenye watu linahitaji kiasi hichohicho kupanda mita 100 tu. Kwa maneno mengine, kabla hujaiona hata Kapsoit, betri imeshamaliza ilichokuwa nacho na injini ya 1.5 inavuta peke yake, inalia, na mafuta yanaenda. Kwenye mteremko wa Sachangwan betri inajaa ndani ya dakika chache na yote yanayofuata yanapotea kwenye breki. Haibridi ni gari la mjini lililofundishwa adabu ya safari ndefu.

Lakini inafika. Tangi la Aqua ni lita 36. Hata kwa kilomita 18 kwa lita, unakwenda Nakuru, unakula sikukuu, unarudi Kisumu, na bado una mafuta. Na betri ikichoka nusu, masafa hayabadiliki kwa kiasi utakachokihisi. Unaona tu lita zinaongezeka polepole, mpaka siku ile ya taa nyekundu.

"Sasa nichaji Kericho," shem akasema. Ni wazo zuri. Ila Leaf hutumia mkono wa CHAdeMO, yaani plagi ya Kijapani ya kuchaji kwa kasi, na magari mengi mapya ya stima yanayoingia yana mikono mingine, CCS2 au ile ya Kichina. Kabla hujalipanga gari kwenye chaja ya njiani, piga simu, uliza kama mkono huo upo na kama ulifanya kazi wiki hii. Pia Leaf haina maji ya kupoza betri. Imetoka kupanda mlima, imepata joto, unaichaji kwa kasi, inapata joto zaidi. Mara ya kwanza itavumilia. Ya pili siku hiyohiyo kompyuta itapunguza kasi na utanywa chai zaidi ya ulivyokusudia. Jambo hilo liliwaudhi sana wanunuzi wa mwanzo wa 2018 Ulaya.

Nikiwa hapo: mtu anayeishi Kericho mwenye gari la stima asijaze hadi asilimia 100 kisha ateremke Kisumu. Betri iliyojaa haina pa kuweka kile ambacho mteremko unarudisha, na breki zitafanya kazi yote peke yake. Acha nafasi kidogo, ili kile mlima unachorudisha kipate pa kukaa.

Joto la Kisumu, vumbi la Siaya

Betri ya lithiamu inapenda hali ya hewa ya Nakuru. Mchana nyuzi 25, usiku baridi ya kujifunika. Kisumu mchana ni nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na ukiliegesha kwenye lami bila kivuli ni zaidi. Kwa kanuni ya jumla ya kikemia, nyuzi 10 za ziada huweza kuzidisha kasi ya kuzeeka karibu mara mbili. Haina maana kwamba Leaf ya Kisumu itakufa mapema mara mbili, kwa sababu usiku nao upo, lakini ningetarajia izeeke haraka kuliko yangu ya Lanet.

Leaf za kwanza zilitufundisha hili. Mwaka 2012 wenye magari hayo jijini Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba mistari ya betri inapungua kabla gari halijatimiza miaka miwili. Baadaye Nissan ikaweka dhamana ya uwezo wa betri na kwenye modeli ya 2015 ikatia betri inayovumilia joto zaidi. Kampuni ya Geotab ya Kanada, ambayo hufuatilia magari ya makampuni, mwaka 2020 ilikuta Leaf za 2015 zikipoteza wastani wa asilimia 4.2 kwa mwaka, huku Tesla Model S za mwaka huohuo, zenye betri inayopozwa kwa maji, zikipoteza 2.3. Walipochambua tena mwaka 2024 wastani wa magari yote ulikuwa asilimia 1.8. Kisumu si Phoenix. Kule kiangazi hupita nyuzi 40. Ila somo ni lilelile: ukiweza, egesha kivulini, usiliache limejaa asilimia 100 siku tatu ukiwa matanga, na chaji ya kasi iwe ya safari, isiwe ya kila siku.

Kuna kitu kimoja tunachowazidi Wazungu. Video nyingi za magari haya zinatoka nchi zenye theluji, na utasikia wakilia kwamba masafa yamepungua kwa robo msimu wa baridi, hita ikiwaka. Sisi hatuna msimu huo. AC ya Kisumu inakula, lakini si kama hita ya Norwei.

Haibridi nayo ina adui wake, na watu wengi hawamjui. Betri ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kwenye tundu lililo ubavuni mwa kiti. Tundu hilo nimeliona limezibwa na gunia la mahindi, na sweta za watoto, na mara moja na kuku. Ukitembea barabara za marram kuelekea Siaya au Bondo madirisha yakiwa wazi, vumbi linaingia humo na kuganda kwenye feni. Betri inapikika taratibu na hakuna anayejua. Kusafisha feni ni kazi ya saa moja au mbili, na naamini ile yangu ya Salgaa ingeniongezea miaka kama ningeambiwa mapema.

Pesa

Nitapita haraka, maana bei hubadilika kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, ikitangaza. Weka petroli shilingi 185 kwa lita na Aqua kilomita 20 kwa lita: shilingi 9.25 kwa kilomita. Weka stima ya nyumbani shilingi 30 kwa yuniti pamoja na tozo zote, na ukumbuke kwamba sehemu ya yuniti unazolipia hupotea kama joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo kila yuniti ya mita inakupa kama kilomita 5.8: shilingi 5.20 kwa kilomita.

Shem anakwenda Ahero na kurudi, kilomita 50, siku 24 kwa mwezi. Ni kilomita 1,200. Aqua itakula shilingi 11,100, Leaf 6,200. Tofauti ni kama 4,900 kwa mwezi, karibu 59,000 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo, betri ile ya haibridi niliyoinunua kwa 120,000 ni akiba ya miaka miwili ya mwenye Leaf. Na kuna bei maalum ya stima ya kuchajia magari ambayo EPRA iliianzisha 2023, ikianzia shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Ukiipata, pengo linapanuka. Leaf pia haina oili ya injini ya kubadilisha, wala plagi, wala mkanda wa kukatika.

Lakini Aqua ukitaka kuiuza Nakuru, ikifika jioni imeshapata mtu. Leaf yenye afya ya asilimia 75 utaiuza kwa anayeijua, na wanaoijua wanajua pia kukukata bei.

Note e-Power watu huiita ya stima kwa sababu magurudumu yanasukumwa na mota pekee, lakini haina pa kuchomeka. Injini ndogo ya 1.2 ndiyo inayotengeneza umeme. Mjini ni tamu sana. Kwenye kilima kirefu injini hiyo inanguruma kama posho mill. Outlander PHEV, haibridi ya kuchomeka ya yuniti 12, au 13.8 kwa zile za baadaye, ingemfaa mtu wa safari zote mbili, stima ya mjini na petroli ya mlimani, ila betri yake ndogo inajazwa na kumalizwa kila siku kwa hiyo huchoka upesi kuliko ya Leaf kwa kazi ileile, na injini yake kubwa si ya bajeti ya shem. Tuliiacha hapo.

Ukifika yadi

Kwa kanuni ya miaka 8, gari linaloingia nchini 2026 lazima liwe limesajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kwa hiyo betri "mpya" ya yadi inaweza kuwa na miaka saba tayari. Dhamana ya Kijapani kwa Leaf ya 40 ilikuwa miaka 8 au kilomita 160,000, na haikupanda meli kuja Mombasa.

Muuzaji atakuonyesha mistari 12 kwenye dashibodi na kusema betri iko kamili. Mstari wa kwanza haudondoki mpaka uwezo umeshuka hadi karibu asilimia 85, kwa hiyo mistari 12 inaweza kuwa betri ya 98 au ya 86. Nenda na programu ya LeafSpy kwenye simu na kidude cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani. Kitakuonyesha afya halisi, tofauti kati ya seli na seli, na idadi ya mara gari lilichajiwa kwa kasi. Mwenye yadi akikataa usichomeke chochote, mshukuru kwa soda na uondoke. Mimi niliondoka kwenye yadi mbili.

Kwa Aqua, kwanza inua kiti na uitazame feni kwa tochi. Kisha kuna programu ya Dr. Prius inayosoma hali ya vipande vya betri. Kipande kimoja kikiwa chini ya wenzake, tayari una tarehe ya Salgaa yako. Halafu liendeshe, lipandishe mahali, ukitazama mchoro wa betri: ukiruka juu na chini haraka kama mtu mwenye homa, imekwisha. Kisumu peleka kilima cha Riat. Muuzaji hatakuwa na sababu nzuri ya kukataa.

Swali ambalo hakuliuliza

Tulikuwa tumefika pazuri. Kazini kwake ni kilomita 50 kwa siku. Kakamega kwa wazazi wa mume ni 50 kwenda na 50 kurudi, mlima mdogo tu. Leaf, hata ikishuka hadi asilimia 75 baada ya miaka mitano au sita, ingemudu yote hayo na kubakisha. Ni ile ya Nakuru pekee ingehitaji chaja ya Kericho, mara mbili kwa mwaka, au kuja kwa matatu kama zamani. Nilikuwa nimeshaegemea huko.

"Shem, utachajia wapi?"

Kimya.

Anakaa orofa ya tatu. Maegesho ni ya pamoja, mita ya taa za nje ni ya landilodi, na landilodi ni yule wa kuuliza ni nani aliyetumia pasi. Kwa Ahero, hospitali haiwezi kumpa soketi yeye peke yake. Angekuwa anategemea chaja za mjini, kwa bei ya huko na kwa muda wa huko, na ile 4,900 ya kila mwezi ingeyeyuka. Na chaja ya kasi kila siku, kwenye joto la Kisumu, kwa betri isiyo na maji ya kupoza, ndiyo njia ya haraka zaidi ninayoijua ya kutia mchanga kwenye mtungi.

Amechukua Aqua ya 2019. Vipande vyote 20 vilikuwa karibu sawa, feni ilikuwa na vumbi kidogo, tukaisafisha siku hiyohiyo. Anasema ataiendesha miaka minne, mpaka nyumba ya Kiboswa iishe, ndipo aje kwenye stima.

Ujenzi huo umefika kwenye lenta. Jumamosi iliyopita nilipitia pale nikamkuta fundi wa stima akipanga mifereji ya nyaya, na sehemu ya kuegesha gari alikuwa ameiwekea soketi moja ya kawaida kwa waya wa milimita mraba 2.5. Nilimpigia shem palepale. Gari la stima linavuta kwa muda wa saa nne, tano, hata usiku mzima bila kupumzika, na soketi ya namna hiyo ikivutwa hivyo kila siku huanza kuyeyuka kwenye plagi. Fundi alinuna kidogo kwa sababu roli la waya alikuwa ameshalikata, lakini atarudi wiki hii na waya wa 6, moja kwa moja kutoka kwenye boksi la mita, na swichi yake yenyewe.